Tamathali Wanazo, Majina Yanawachanganya

Muulize mwanafunzi wa Mbarara tashtiti ni nini, na jibu lake litategemea kitabu alichoazima. Akiwa na kitabu cha Tanzania, atakwambia ni swali linaloulizwa na mtu ambaye jibu analo tayari, kwa nia ya kusisitiza au kuonyesha mshangao. Akiwa na cha Kenya, atakwambia ni kuukosoa uovu kwa kuucheka. Swali lile la kwanza Wakenya huliita swali la balagha, na kicheko kile cha pili Watanzania wengi wangekiweka chini ya kejeli au dhihaka. Majibu yote mawili ni sahihi, na mmoja kati ya wanafunzi hao atakosa alama ikiwa msahihishaji wake alisomea upande wa pili.

Tashtiti haiko peke yake. Kwa mwalimu aliyesoma Tanzania, dhamira ni jambo linalozungumzwa ndani ya kazi: umaskini, ndoa za kulazimishwa, rushwa. Kazi moja ina dhamira nyingi, na zikijumlishwa na ujumbe, migogoro, msimamo na falsafa ya mwandishi ndipo yanapatikana maudhui. Kwa mwalimu wa Kenya mambo hayo hayo ndiyo maudhui, na dhamira ni lengo lililomsukuma mwandishi kushika kalamu. Majazi nayo yana safari yake. Darasa la Kenya litatafuta mhusika aliyepewa jina linaloshabihi tabia yake, kama mchoyo aitwaye Mzee Mkonowabirika; kwingine majazi ni lugha yoyote isiyosema jambo moja kwa moja. Kinaya, kilichozaliwa katika balagha ya Kiarabu kama namna ya kulitaja jambo kwa kulizunguka, kwetu kimeishia kuwa hali ya mambo kwenda kinyume na yalivyotarajiwa.

Waandishi wa vitabu hivyo hawana kosa. Kaluta Amri Abeid aliandika sheria zake za kutunga mashairi mwaka 1954, wakati ambapo hakukuwa na mtaala wa kumbana. Wasomi wa Dar es Salaam walijenga istilahi zao kwa ajili ya shule za Tanzania. Kimani Njogu na Rocha Chimerah walitoa kitabu chao cha ufundishaji wa fasihi mwaka 1999, na Kyallo Wadi Wamitila akatoa kamusi ya istilahi za fasihi mwaka 2003, macho yao yakiwa zaidi kwa msomaji wa Kenya. Kila upande ulikuwa na haki ya kuchagua. Mzigo wa machaguo yote mawili umemwangukia jirani aliyefika mwisho.

Jirani huyo ni Uganda. Kwa miaka mingi Kiswahili kilikuwa hapa lugha ya kambi za jeshi na vituo vya polisi. Idi Amin alikitangaza lugha ya taifa mwaka 1973, lakini tangazo la redio haliajiri walimu. Marekebisho ya katiba ya mwaka 2005 yalikitambua kuwa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, ukakifanya somo la lazima S1 na S2, yaani kidato cha kwanza na cha pili, na Julai 2022 baraza la mawaziri likaridhia kifundishwe kwa lazima na kutahiniwa katika shule za msingi na sekondari. Ghafla walimu wakahitajika kwa wingi, na vitabu vya fasihi walivyovikuta rafuni vingi vilikuwa vimeandikwa Dar es Salaam au Nairobi.

Kusini mwa Mbarara, katika wilaya ya Isingiro, karibu na mpaka wa Tanzania, hali ina sura nyingine. Makazi ya wakimbizi ya Nakivale yalianza kuwapokea Wanyarwanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo yana zaidi ya watu laki moja, Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea, waliotawanyika katika kanda za Base Camp, Juru na Rubondo. Huku Kiswahili hakikusubiri mtaala. Wakongo wa Kivu walikuja nacho kikiwa lugha ya jikoni, ya ibada na ya ugomvi wa kisimani. Mtoto wa Nakivale anaweza kuwa na Kiswahili kingi kuliko mwalimu wake wa Mbarara, na bado akafeli swali la tamathali.

Anafeli kwa nini? Mkanganyiko wa majina unachangia, lakini chini yake kuna tatizo kubwa zaidi, nalo ni mpangilio wa somo lenyewe. Jina la tamathali huandikwa ubaoni kwanza, kisha fasili, kisha mfano mmoja ulionakiliwa kitabuni, kisha jina linalofuata. Mwisho wa muhula mwanafunzi anaweza kuorodhesha tamathali ishirini, ila ukimpa ukurasa wa hadithi asiyoijua haioni hata moja. Akitoka nje ya darasa anazitema tano kabla hajafika nyumbani. Anayo mali, kilichokosekana ni mtu wa kumwonyesha kwamba kile anachokisema ndicho kile kilichoandikwa ubaoni.

Tuchukue tashibiha, maana ndiyo hufundishwa kwanza na ndiyo hufundishwa vibaya zaidi. Mwanafunzi huambiwa akiona kama, mithili ya, mfano wa au sawa na, basi ameona tashibiha. Halafu anakutana na sentensi hizi: "Kama mvua itanyesha, hatutakwenda Juru." "Walifika watu kama mia mbili." "Hadija anasoma S2 kama dada yake." "Foleni ya mgao ilijikunja kama nyoka aliyemeza mbuzi." Zote nne zina kama, na ni moja tu yenye tashibiha. Ya kwanza ni sharti. Ya pili ni makadirio. Ya tatu inalinganisha mwanafunzi na mwanafunzi, vitu vya aina moja, na haichori picha yoyote. Ya nne imechukua watu waliosimama juani ikawaweka kando ya nyoka, kiumbe asiyehusiana nao hata kidogo, ili sifa fulani za nyoka ziwahamie.

Sifa zipi? Hapo ndipo pa kukaa, na hapo ndipo walimu wengi wanapakimbia. Urefu na kujikunja vinaonekana upesi. Lakini mwandishi hakusema nyoka tu. Kasema aliyemeza mbuzi. Kwa hiyo foleni imevimba katikati, pale watu wanaposukumana. Tena nyoka aliyemeza mbuzi hatambai, amelala kwa uzito wake. Foleni nayo haiendi. Mwanafunzi anayeandika "ni tashibiha kwa sababu kuna neno kama" ametaja kiungo. Anayeandika kwamba picha hiyo inaonyesha urefu, uvimbe wa katikati na ukosefu wa mwendo ameisoma sentensi.

Sasa tukiondoe kiungo: "Foleni ya mgao ni nyoka aliyemeza mbuzi." Tumeingia katika sitiari. Hatusemi tena kwamba kimoja kinafanana na kingine; tumekipa kimoja jina la kingine na kumwachia msomaji atafute sababu. Twende hatua moja mbele: "Nyoka amefika hadi mlangoni kwa mwenyekiti." Foleni haikutajwa kabisa, na asiyekuwepo siku hiyo hataelewa. Wengine huiita hii jazanda, hasa picha ikiendelezwa sentensi baada ya sentensi, wengine huiacha ndani ya sitiari, na sioni sababu ya kumnyima mtu alama kwa hilo. La maana ni kwamba kila hatua imemwongezea msomaji kazi na kumpunguzia msaada. Mwalimu akizifundisha tashibiha, sitiari na jazanda kama ngazi tatu za jambo moja, mwanafunzi hazichanganyi. Akizifundisha kama vitu vitatu vyenye fasili tatu, zinachanganyika kabla ya Ijumaa.

Kiungo chenyewe kila mtoto wa Nakivale anakifahamu kwa lugha zaidi ya moja. Mkongo wa Kivu husema mtu yuko sawa simba pale Mswahili wa pwani angesema kama simba. Mnyarwanda, Mrundi na Mnyankole wote watatu wana nka. Msomali ana sida. Dakika kumi za kuyakusanya haya ubaoni zinafaa kuliko fasili iliyonakiliwa, kwa sababu mtoto anaona kwamba kulinganisha hakukuja na kitabu.

Mifano ya kitabuni ina udhaifu mwingine usiosemwa. Kiswahili kilikulia pwani, na vitabu vyake vinaendelea kulinganisha maisha na dau, kiongozi na nahodha, mrembo na mnazi uliokaa vizuri. Picha hizo ni nzuri na zina haki ya kusomwa. Lakini tamathali hufanya kazi kwa yule anayekijua kile kitu kilichoazimwa. Mtoto aliyekulia kando ya ziwa Nakivale anajua kiboko anavyojitokeza majini pasipotarajiwa. Wa Mbarara anajua mto Rwizi unavyobadilika rangi mvua zikianza, na ng'ombe wa Ankole anavyogeuza kichwa taratibu kwa sababu ya pembe zake. Mwambie atunge sitiari kwa vitu hivyo, na utapata maandishi. Mwambie atunge kwa dau, na utapata nakala ya kitabu.

Tashihisi huleta ubishi wa aina nyingine. Mtu anayesubiri majibu ya ombi lake la kupelekwa nchi ya tatu husema, "Faili langu limelala Kampala." Faili halilali, wanaolala ni watu na wanyama. Kwa fasili ya kitabu, hii ni tashihisi kamili, au uhuishi kama wengine wanavyoiita, kwani kisicho na uhai kimepewa tendo la chenye uhai. Hata hivyo wanaoisema sentensi hiyo kila siku hawasikii tena picha ndani yake, sawa na sisi tusivyosikia picha tunaposema mguu wa meza au mdomo wa chupa. Sitiari hufa kwa kutumiwa sana. Je, mwandishi akimwambia msomaji kwamba faili limelala, ametumia tashihisi au ametumia Kiswahili cha kawaida tu? Inategemea amefanya nini baada ya hapo. Akiandika kwamba faili limelala, limevuta shuka, na kila mwenye nalo akienda kuliamsha anaambiwa apunguze sauti, ameifufua. Mtihani mzuri ungeuliza kuhusu ufufuo huo, badala ya kuuliza jina.

Kisha kuna tamathali ambayo wakimbizi huitumia kuliko zote, na ambayo orodha za shule huipitia mbio. Wakongo hulitaja Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi kwa kifupi chake cha Kifaransa, HCR. "HCR imekataa." "HCR imekuja," na kumbe lililokuja ni gari moja jeupe lenye dereva. Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda, inayosimamia makazi, nayo ni OPM, na OPM ina hasira, ina huruma, ina masikio. Kitu kinatajwa kwa jina la kingine kinachoandamana nacho: gari kwa jina la shirika, mtu aliyetia saini kwa jina la ofisi yake. Baadhi ya vitabu vya Kenya huuita mtindo huu taashira. Vyovyote uitwavyo, una nguvu ya kuficha mtenda. HCR ikikataa, hakuna anayejua ni nani aliyekataa. Neno posho lilipita njia hiyo hiyo: kwanza lilikuwa chakula au malipo anayogawiwa mfanyakazi, na Uganda likaganda kuwa jina la ugali wenyewe wa mahindi.

Tafsida nayo inastahili kutolewa kwenye kona ya adabu ilikofungiwa. Wanafunzi hufundishwa kwamba ni kupunguza ukali wa maneno: kujifungua badala ya kuzaa, ametutoka badala ya amekufa. Ni kweli, na msibani hakuna mwenye akili anayeikataa. Lakini tafsida ina waajiri wawili. Mwaka 2023 Mpango wa Chakula Duniani uliwagawa wakimbizi walioko Uganda katika makundi matatu kwa kiwango cha uhitaji, na kundi la tatu likaondolewa kwenye mgao. Jina la zoezi hilo lilikuwa kupanga vipaumbele. Fedha zilikuwa zimepungua kweli, silibishi hilo. Ninachosema ni kwamba aliyepewa taarifa ya vipaumbele na aliyekosa unga walikuwa wakizungumzia jambo moja kwa maneno mawili. Mwanafunzi anayeweza kuiona tafsida kwenye tangazo la ubaoni, na kueleza inamlinda nani, amejifunza fasihi hata kama hajafungua riwaya.

Kejeli na kinaya hutenganishwa kwa swali moja: kuna msemaji anayekusudia? Jirani anamwona mwenzake akirudi sokoni na nyanya mbili, anamwambia, "Leo umelimaliza soko, mama." Hiyo ni kejeli, ina mdomo nyuma yake. Sasa tuseme mwalimu wa Kiswahili amekimbia vita Uvira, amefika Uganda, na kazi ya ualimu haipati kwa kuwa cheti chake kimeandikwa kwa Kifaransa, wakati ule ule ambapo shule zinatafuta walimu wa Kiswahili. Hakuna aliyemkejeli. Mambo yenyewe yamejipanga kinyume. Hicho ni kinaya, na nina shaka kama mfano huo ni wa kutunga sana.

Takriri, tanakali za sauti na nidaa hazihitaji maneno mengi. Sikio huzikamata kabla ya kalamu. Chuku, au mubaalagha, inahitaji tahadhari moja tu: kutia chumvi bila sababu si sanaa. Mvuvi anayesema samaki aliyemponyoka alikuwa na urefu wa mtumbwi anachekesha, na basi. Katika utendi wa Mwindo wa Wanyanga wa Walikale nchini Congo, aliousimulia Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, shujaa anazaliwa akitembea na akisema. Chuku hiyo inamtangaza shujaa, inamtisha baba yake asiyetaka mtoto wa kiume, na inaanzisha mgogoro wote. Inabeba hadithi mgongoni.

Nimemtaja Mwindo makusudi. Darasa la Nakivale limekaa juu ya hazina ambayo chuo kikuu chochote kingeitamani, na mwalimu anayefundisha tamathali bila kuigusa anajinyima. Wasomali walioko Base Camp wana ushairi ambao sharti lake kuu ni sauti ya mwanzo wa neno. Mtunzi akichagua herufi, kila mstari wa shairi la gabay lazima uwe na neno linaloanza kwa sauti hiyo, toka mstari wa kwanza hadi wa mwisho, hata kama ni mistari mia. Mwanafunzi wa Kiswahili aliyezoea vina vya mwisho akiuona utaratibu huo anaelewa kwa mara ya kwanza kwamba kina ni chaguo la jadi yake, wala si sheria ya maumbile. Kwa takriri ya konsonanti, ambayo katika Kiswahili ni pambo la hapa na pale, hakuna mfano bora.

Waethiopia wana nta na dhahabu. Sonara hufinyanga umbo kwa nta, hulizungushia udongo, huiyeyusha nta itoke, kisha humimina dhahabu iliyoyeyuka mahali pake. Katika mashairi ya qene, maana ya kwanza inayosikika ni nta; ya pili, ambayo mara nyingi ni ya kidini au ya kisiasa, ndiyo dhahabu, na hupatikana kwa kulipasua neno au kulisoma upya. Anayeifahamu mbinu hii hatapata shida na fumbo la Kiswahili. Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyeishi kati ya 1776 na 1840, alitunga mashairi ya siasa za Mazrui na Sultani ambayo msikilizaji wa upande mmoja aliyachukulia kuwa ya mapenzi au ya bahari, na wa upande mwingine akajua ametukanwa.

Walega wa Kivu ya Kusini na Maniema walikwenda mbali zaidi: walikuwa na kamba iitwayo mutanga, iliyotundikwa vitu vidogo vidogo, kila kimoja kikisimamia methali. Unagusa kitu, unatamka methali, unaieleza. Sijui kifaa bora cha kufundishia ishara. Mwalimu anaweza kukitengeneza kwa uzi, kizibo cha chupa, unyoya, punje ya maharage na kipande cha turubai, halafu awaambie wanafunzi watunge semi za kila kimoja.

Tukija kwa wenyeji, Ankole ilikuwa na ebyevugo, tungo ambazo mtu husimama na kujisifu, akijipa jina la sifa na kueleza tendo lililompatia. H. F. Morris alizikusanya na kuzichapisha mwaka 1964. Rwanda ina amazina y'inka, mashairi ya kuwasifu ng'ombe ambamo mnyama hupambwa kwa sifa za shujaa wa vita. Na ng'ambo ya mto Kagera, kwa Wahaya, M. M. Mulokozi alizifanyia tendi za enanga tasnifu yake ya udaktari, akaimaliza mwaka 1986. Mulokozi huyo huyo ndiye aliyepanga tanzu za fasihi simulizi ya Kiswahili kwa namna ambayo shule bado zinaifuata, na ndani ya mpangilio huo majigambo yana jina la pili: vivugo. Mnyankole akilisikia neno hilo halihitaji kuelezwa; ni ndugu wa dhahiri wa ebyevugo. Sifa za ng'ombe za Mnyarwanda nazo zina nafasi yake, zinaingia kwenye tondozi, yaani tungo za kusifu watu, wanyama au vitu. Kwa hiyo istilahi zetu hazikutoka Uarabuni zote. Moja kati yake ilipita hapa hapa, na wanafunzi wa Mbarara wanaikariri kama ya kigeni.

Sishangai kwamba ni Mganda, Pio Zirimu, aliyebuni jina la Kiingereza la fasihi ya mdomo, alipochoka kuisikia ikiitwa maandishi ambayo hayajaandikwa. Jina zuri halikuifanya fasihi hiyo iwepo, ilikuwepo. Lililofanyika ni kwamba iliweza kuingia katika ratiba ya chuo.

Kwenye ushairi mambo ni mepesi kwa sehemu kubwa. Ubeti, mshororo, kipande, kina na mizani hujifunzwa kwa vidole. Nakivale ina mizani nne: na-ki-va-le. Isingiro nayo nne: i-si-ngi-ro. Mbarara ni tatu, kwa kuwa mba hutamkwa kwa pamoja. Tahadhari iko kwenye herufi m: katika "nyumba mbaya" neno la pili lina mizani mbili, mba-ya; katika "mtu mbaya" lina tatu, m-ba-ya, kwa sababu m hiyo ni kiambishi cha ngeli na inasimama peke yake. Wengi hupoteza alama hapo bila kujua sababu.

Kigumu ni lile swali la zamani: shairi lisilo na vina na mizani ni shairi? Amri Abeid angesema hapana. Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alijibu kwa vitendo mwaka 1974 alipotoa Kichomi, na vita vya magazetini na vyuoni vikadumu miaka mingi. Kwa darasa la Nakivale swali hilo lina jibu moja tu linalowezekana. Ukimwambia mtoto wa Kinyarwanda, wa Kisomali au wa Kinyankole kwamba pasipo vina hapana ushairi, umemwambia kwamba babu yake hakuwa na ushairi. Fundisha arudhi kwa ukamilifu, kwa kuwa ni ufundi mkubwa, na useme wazi ni arudhi ya Kiswahili cha pwani.

Turudi kwenye majina. Baraza la Mitihani la Uganda na kituo cha mitaala wanaweza kuumaliza ubishi wa tashtiti kwa ukurasa mmoja: safu ya istilahi za Tanzania, safu ya istilahi za Kenya, na agizo kwa wasahihishaji kwamba jina lolote kati ya mawili likubaliwe mradi mwanafunzi amedondoa maneno husika na kueleza kazi yake. Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, yenye makao Zanzibar, ingeweza kuufanya ukurasa huo uwe wa jumuiya nzima, maana Congo nayo iliingia mwaka 2022 na walimu wake wana majina ya Kifaransa vichwani. Kuchagua upande mmoja na kuufuta mwingine sioni kama kuna haja. Vitabu vya pande zote mbili vitaendelea kuvuka mpaka.

Wakati ukurasa huo unasubiriwa, mwanafunzi wa S3 asisubiri nao. Andika jina unalolijua, na kama unajua mawili andika yote mawili. Dondoa maneno yenyewe kutoka kwenye kifungu. Kisha toa sentensi mbili za kueleza ni kitu gani kimetoka wapi kikaenda wapi, na msomaji anapata nini ambacho asingekipata kama mwandishi angesema waziwazi. Jina peke yake halimalizi alama. Alama zilizobaki ziko kwenye maelezo.

Na mwalimu, kabla hujafuta ubao, waulize wanafunzi wako sentensi hiyo ingesemwaje nyumbani kwao.